Maji Miguuni mwa Madamu Zuhura

Tangu niache kazi, haipiti wiki bila mmoja wenu kuja kubisha kwangu na swali lile lile: "Papa Amuri, kuko gari moja inaingiza maji, na hatuone pa kupitia." Nami nasimama mlangoni, kofia ya sala mkononi, naeleza upya niliyoyaeleza juzi kwa mwenzako. Nimechoka. Sasa nayaandika mara moja yakae garajini. Mwenye mikono safi awasomee wengine, kama mtu huyo yupo.

Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo kwetu vilikuwa viwili tu, mwenye garaji na sisi wengine wote, na mishahara hata wakati ule haikuwa ya kusimuliwa.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Kabambare. Nilikuja Kasongo kijana, nikisukuma baiskeli yenye madumu ya mawese, na gurudumu likanipinda mbele ya garaji ya Mzee Assumani. Nikaomba nyundo, nikakaa pembeni, nikalinyoosha mwenyewe. Mzee aliniangalia, kisha akasema nirudi kesho bila mawese. Alikuwa tolie, yaani fundi wa mabati ya gari: kunyoosha, kukata, kuchomelea, kupaka rangi. Kabla ya magari alitengeneza mitumbwi kule mtoni Lualaba, na kusema kweli hakuiacha. Kwake gari lilikuwa mtumbwi uliowekewa paa.

Siku ya kwanza nilitegemea kupewa nyundo. Nilipewa kiti. Mzee alinikalisha ndani ya gari dogo la mfanyabiashara mmoja, akafunga milango na vioo, akapanda juu ya kreti na kuanza kumwaga maji polepole kwenye paa kwa kopo la kumwagilia bustani. Ndani nilikuwa natoka jasho kiasi kwamba sikujua lipi ni langu na lipi ni la kopo. Aliponifungulia aliniuliza:

"Umeona nini?"

"Nimeona maji, Mzee."

"Maji kila mutu anaona. Imetoka wapi?"

Nikamwonyesha pembe ya zulia iliyolowa, karibu na kiti cha nyuma.

"Pale njo imefika, mwisho wa safari yake. Mimi nakuuliza imetoka wapi. Rudia ndani."

Nilirudi ndani mara nyingi siku ile. Na hilo ndilo somo lote, vijana wangu, mengine ni mapambo. Maji hutembea. Yanaingia kwenye mpira wa kioo cha mbele, yanapita nyuma ya dashibodi, yanashika waya, yanafuata bati, halafu yanaangukia miguu ya mtu asiye na habari. Ukikuta kiti cha nyuma kimelowa, usikilaumu kiti.

Vyombo vyangu mnavijua, maana mlivicheka. Kioo cha kunyolea, cha kuchungulia mahali kichwa hakifiki. Spoki za baiskeli, za kuzibulia vitundu. Hapa Kasongo vitu vingine vinaweza kukosekana, lakini si spoki. Kijiko cha bati, cha kubandulia vifuniko vya ndani ya mlango bila kuvivunja, kwa sababu kifuniko kikivunjika huku kwetu kimevunjika milele. Na pemba, ule udongo mweupe ambao wajawazito hununua sokoni kutafuna. Unausaga, unaunyunyiza kwenye viungo vyote vya bati kwa ndani, unaliacha gari kwenye mvua. Maji yakipita yanachora njia yake yenyewe. Mama wauza pemba waliniona kila siku mbele ya vibanda vyao na wakaamini kwa muda mrefu kwamba mke wangu hajifungui.

Magari madogo ya zamani yana tabia zake. Chini ya kioo cha mbele, penye ile mitambo ya kufutia mvua, kuna mfereji. Huko majani yanajaa, yanaoza, yanakuwa shamba. Niliwahi kung'oa humo mche wa mpapai. Maji yakikosa njia yanaingilia kwenye tundu la hewa hadi miguuni mwa abiria. Taa za nyuma nazo zina mipira inayokauka, na buti linageuka kisima. Usikimbilie kuchomelea kitu kabla hujaona maji yakipita kwa macho yako. Kulikuwa na mnunuzi wa dhahabu aliyekuwa akienda Wamaza kwa pikipiki na kuacha gari lake dogo hapa mjini. Alichoka kusubiri zamu yake garajini, akachukua mashine na kutoboa sakafu ili maji yatoke. Yalitoka kweli. Alifurahi mpaka mto wa kwanza.

Sasa nifike kwenye gari la Madamu Zuhura, kwa maana najua hilo ndilo mnalolitaka.

Madamu Zuhura alikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyo kwenye barabara ya Kabambare, ng'ambo ya kijito kisicho na daraja. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na ugonjwa ule ulikuwa umeitia ganzi miguu yake: anatembea nayo lakini haimpi habari. Asubuhi moja alipanda pikipiki kwenda kazini, mguu wa kulia ukawa umekaa juu ya bomba la moshi safari nzima. Njiani akanusa kitu, akamuuliza dereva, "Bwana, ni nini inaungua?" Ilikuwa ni yeye.

Kidonda kile kiligoma kupona. Mwuguzi aliyekuwa akimfunga bendeji alikataza pikipiki kabisa, na akamwambia mbele ya mume wake: "Madamu, hii muguu inataka ukavu. Ikiendelea kulowa nitakutuma hospitali ya Kindu, na kule watakata." Mkuu wa shule alimshauri apumzike nyumbani. Madamu akamjibu, nilisimuliwa na waliokuwapo, "Nikikaa nyumba, njo nitakufa na vidole vyangu vyote."

Mume wake, Musafiri, alikuwa akiuza vipuri vya baiskeli sokoni. Mtu mwembamba, msafi, mwenye kupiga pasi hata shati la kazi. Alinunua gari dogo la kijani lililochakaa kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama, akahamishia kibanda chake kando ya shule, na kila asubuhi akawa anamvusha mkewe, anashinda pale akitengeneza baiskeli za watu, jioni anamrudisha. Nilikuwa nikiwaona wakipita, Madamu amekaa mbele kama bibi harusi, na moyo wangu ulifurahi. Magari madogo hapa kwetu ni machache, na mengi hubeba mizigo yenye maana ndogo kuliko ule.

Lakini gari liliingiza maji, na mahali penyewe ni pale pale miguuni mwake. Zulia kwa juu lilionekana kavu, kumbe chini yake kuna kile kitambaa kizito cha manyoya ambacho hunywa maji na kuyatunza. Mtu mwingine angesikia baridi ya unyevu kwenye viatu. Yeye hakusikia chochote. Alikaa na mguu ndani ya maji akisahihisha hesabu za watoto, na jioni mwuguzi akifungua bendeji anakuta ngozi imevimba, nyeupe, na kidonda kimerudi nyuma.

Musafiri aliniletea gari. Kijana mmoja wa garaji alimwaga maji kwenye paa, kwenye kioo, kwenye milango, mimi mwenyewe nikiwa ndani na kioo changu cha kunyolea. Sikuona kitu cha maana. Kwenye mpira wa kioo cha mbele palipita tone moja moja, nikapaziba, nikasafisha mfereji wa majani, nikamwambia aende. Mvua ikanyesha, maji yakarudi. Akaniletea tena. Nikanyunyiza pemba kila kona, nikamwaga maji mpaka kisima cha jirani kikalalamika, na pemba ikabaki kavu, nyeupe, inanicheka. Nikalirudisha. Mvua, na maji yaleyale.

Aliporudi mara ya tatu uso wake ulikuwa umebadilika. Aliongea chini chini, kana kwamba mkewe alikuwa karibu.

"Papa Amuri, enfirmie wa bendeji amesema hii wiki njo ya mwisho. Kidonda kikiwa vile vile, anaandika barua ya Kindu."

Nililizunguka lile gari. Liling'aa. Limeoshwa, limepanguswa, milango imefunguliwa ipate hewa, ndani kunanukia sabuni. Nikamwambia:

"Kesho usiniletee gari. Mimi nitakwenda na Madamu hadi shule."

"Gari yangu iko safi, Papa," akasema, na niliona ameumia kidogo. "Unatafuta nini mule?"

"Sijue bado. Njo maana nakwenda."

Kesho yake nikakaa kiti cha nyuma na spoki zangu. Madamu alinikaribisha kwa heshima zote, akaniuliza habari za wajukuu, akasogeza mfuko wake wa madaftari nipate nafasi. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye kijito. Hapo Musafiri alisimamisha gari, akavua shati, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Kutoka mfukoni akatoa vipande vya mishumaa. Akavikanda viganjani mpaka vikalainika, akalala chali kwenye udongo na kuanza kuziba vitundu vilivyo chini ya milango, kimoja baada ya kingine, akibonyeza kwa kidole gumba na kulainisha kwa kitambaa.

Madamu alimwangalia kwa dirisha.

"Kila asubui anafanya vile, mushumaa ya jana inalegea," akaniambia. "Alijifunza kwa baba yake, alikuwa chofere wa kamio za mizigo. Ni juu ya kulinda muguu yangu, maji ya mutoni isiniguse."

Akasema hivyo kwa sauti ya mwanamke anayejua anapendwa.

Tulivuka. Maji yalifika chini ya milango na halikuingia hata tone. Ilikuwa kazi safi, na ninyi mnajua siwasifii watu ovyo. Upande wa pili Musafiri akajipangusa, akavaa shati, akawasha gari.

"Haufungue vitundu?" nikamuuliza.

"Nifungue juu ya nini, Papa? Jioni tunapita tena kwa maji ile ile."

"Na siku ya kuleta gari kwangu?"

"Ah! Ile siku ninaosha, njo ninafungua yote. Maji ya kuosha inatoka, ninaanika kila kitu kwa jua. Mimi nitamuletea fundi gari chafu? Mimi mutu wa namna gani?"

Hapo nikaelewa ni nini kilichonifanya mjinga kwa wiki zote zile. Sisi watu wa hapa ndivyo tulivyo. Mgonjwa anaoga, anapaka mafuta, anavaa shati jipya, ndipo anakwenda kwa daktari, na daktari anamkuta mzima. Gari lilikuwa linaletwa kwangu likiwa limejiandaa.

Ninyi mnaoanza, sikilizeni hapa. Mlango wa gari si boksi lililofungwa. Kila mvua, maji yanaingia ndani yake kupitia ule ufa wa kioo kinapopanda na kushuka, na hivyo ndivyo ulivyotengenezwa. Chini kuna vitundu vya kuyatoa. Kwa upande wa ndani, nyuma ya kile kifuniko chenye mkono wa kufungulia, kuna nailoni ya kuzuia maji yasije kwa abiria, na kwenye magari ya zamani nailoni hiyo imechanika au iliibwa zamani kufunikia mahindi. Mlango unakunywa na kukojoa. Ukiuzuia kukojoa, unajaa, na ukijaa unatapika ndani.

Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini fundi asiyeona bado ni msemaji tu, kwa hiyo nikasubiri mvua. Nilikaa kwenye kibanda cha Musafiri nikimsaidia kufunga minyororo ya baiskeli, huku nikisikia sauti ya Madamu ikitoka darasani na watoto wakimjibu kwa pamoja. Saa za mchana mbingu ikafunguka, ile mvua yetu isiyo na adabu. Gari lilikuwa nje, limelowa, peke yake.

Ilipopungua nilimwita Musafiri. Niliushika mlango wa upande wa Madamu, nikautikisa kidogo. Maji yalisikika ndani yakicheza huku na huku. Nikampa spoki na kumwonyesha kitundu cha kwanza.

Aliusukuma mshumaa wake kwa ndani. Maji yakatoka kwa nguvu, mekundu kwa vumbi la barabara, yakamwagikia viatu vyake vilivyopigwa dawa. Hakusogea. Akatoboa cha pili, na cha tatu, na maji yakaendelea kutoka mpaka nikaanza kuona haya kuangalia.

"Papa Amuri," akasema akiwa bado amechuchumaa. "Ni mimi."

"Ni mulango, bwana. Ilikunywa, ikakosa pa kutolea."

"Hapana. Ni mushumaa yangu. Kila siku nilikuwa najaza maji kwa muguu ya bibi yangu."

Nilimwonea huruma. Katika kazi yangu nimekuta wazembe wengi, waliofunga nati kwa gundi, waliopaka rangi juu ya kutu, na hao sikuwahi kukosa neno la kuwaambia. Huyu alikuwa amefanya kila kitu kwa uangalifu.

Nilidhani ataniomba nifiche. Nilikuwa tayari kuficha, niseme ni mpira wa kioo, yaishe. Lakini aliinuka, akaenda hadi kwenye mlango wa darasa na viatu vilivyolowa, akamwita mkewe, na akamwambia pale pale kizingitini, watoto wakisikiliza.

"Zuhura, maji ya gari, ni mimi. Nilikuwa naziba pa kutokea."

Madamu alimtazama, akatazama viatu, akatazama gari.

"Uliziba juu ya muguu yangu," akasema.

"Njo vile."

"Basi, fungua juu yake pia. Na uvue ile viatu, utapata homa."

Akarudi ubaoni. Watoto walicheka kwa sababu ya viatu, na Musafiri akavivua.

Kazi iliyofuata ilikuwa nyepesi, naieleza ili mwige. Nilibandua vifuniko vya milango kwa kijiko changu, nikakata nailoni nzito, nikaibandika kote kuzunguka kwa ulimbo ule wanaozibia mitumbwi, jambo nililoachiwa na Mzee Assumani. Kitambaa cha manyoya nilikitoa chote nikakitupa mbali, hata mbwa alikikataa. Mahali pake niliweka mkeka unaoinuliwa kwa mkono mmoja, kwa sababu chini ya miguu ya mgonjwa pasiwe na kitu kisichoweza kuinuliwa na kuangaliwa. Na kwa vile kijito bado kilikuwa pale pale bila daraja, nilikata vipande vya mpira wa ndani wa tairi, nikavigandisha kwa nje juu ya kila kitundu, upande mmoja tu, vining'inie kama ndimi. Maji ya mtoni yakisukuma kutoka nje, ulimi unajifunga. Maji ya mvua yakibonyeza kutoka ndani, unafunguka. Musafiri alijilaza chini, akakinyanyua kimoja kwa ukucha na kukiachia, akakinyanyua tena, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilimwona akisahau kwamba shati lake limechafuka.

Barua ya Kindu haikuandikwa wiki ile. Mwuguzi alisema atangoja aone, na tukangoja naye, mimi pia, maana nilikuwa nimeshalala vibaya siku nyingi kwa ajili ya mguu usio wangu.

Kisha ikaja siku ya mvua kubwa. Nilivaa koti nikaenda hadi shuleni nimepakiwa kwenye pikipiki, sikuweza kukaa nyumbani. Nilifika watoto wakiwa wanatawanyika na gari la kijani limesimama uwanjani likichuruzika chini ya milango yote, kama inavyotakiwa. Madamu alikuwa tayari amekaa mbele, mlango wazi. Musafiri alikuwa amesimama karibu naye na ufunguo mkononi, hathubutu kutazama chini.

"Papa Amuri, ulikuja vizuri," Madamu akasema. "Huyu ananiuliza kama iko kavu. Mimi nitajua namna gani? Mimi sisikie kitu kule chini."

Akamgeukia mumewe.

"Musafiri, gusa."

Akapiga magoti kwenye tope, na suruali yake ya pasi, akauinua mguu wa mkewe kwa kiganja, taratibu, akapitisha mkono mwingine chini ya mkeka, akaupeleka mpaka mwisho wa bati na kuurudisha.

"Iko kavu," akasema.

"Gusa na bendeji."

Akaigusa kidole kwa kidole, kisigino, kando ya kidonda.

"Kavu. Zuhura, yote iko kavu."

"Asanti," akasema Madamu. "Sasa nimesikia."

Alipomaliza kugusa, Musafiri hakuuachia mguu. Alibaki amepiga magoti pale, ameushika, na Madamu hakumwambia auachie.